Kabla ya kwenda kuangalia ndege baada ya mvua kubwa

Masika yakishapiga usiku kucha, usiwahi mlango wa Mto Msimbazi, Dar es Salaam, asubuhi yake. Tazama kwanza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha jedwali la kupwa na kujaa. Mwezi ukiwa mwandamo au mpevu ni bamvua: bahari ikijaa huzuia mto kutoa maji yake, na njia uliyopita ikiwa kavu inafunikwa nyuma yako. Heri usubiri mto ushuke.

Fika muda wa saa mbili hadi tatu kabla maji hayajajaa kabisa. Tope likifunikwa kidogo kidogo, ndege wa ufukweni husogezwa kuja upande wako. Yakipwa, wako mbali kama punje. Kuanzia Oktoba hadi Aprili wengi ni wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, nao wanajaza mafuta ya safari, kwa hiyo kila ukiwarusha unawanyang'anya chakula. Wakiacha kudonoa na kunyoosha shingo, umesogea mno. Rudi nyuma taratibu. Mdiria usimtegemee mtoni: huvua kwa macho, na maji yakichafuka huhamia dimbwi lililotulia. Kumbikumbi wakitoka, tazama juu: ndege huwadaka angani.

Darubini ya 8x42 (hukuza mara nane, lenzi za mbele milimita 42) inatosha. Ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi zitafunga ukungu. Ziache dakika 15 zipate joto la nje. Mchanga upulize kabla ya kufuta, la sivyo utachubua kioo. Nyumbani usiifungie ikiwa na unyevu, maana kwa joto la Dar kuvu huota ndani ya lenzi, na kuitoa ni kazi ya fundi.

Mabuti ya mvua yanafaa madimbwini, lakini tope la mikoko huyanyonya: mguu unatoka, buti linabaki. Huko vaa raba za kufunga kamba. Usitembee peku, kuna vioo, na maji yasiyo ya chumvi yaliyotuama huweza kuwa na kichocho. Beba fimbo ndefu; ikizama zaidi ya shibiri moja, geuka. Maji yanayokimbia, hata ya sentimita 15, yanaweza kukuangusha. Vaa mikono mirefu, mbu wa dengue huuma mchana. Zimamoto ni 114.

Kwenye mashamba ya chumvi ya Kunduchi, omba ruhusa kwa mlinzi kwanza. Tuta lililolowa ukilikanyaga ukingoni hubomoka, na maji yaliyoanza kukolea chumvi yanamwagika. Tena mlinzi ndiye anayejua tuta lipi limekatika usiku.