Skrini Mbili, Kibodi Moja, Kompyuta Mbili: Namna ya Kuchagua na Kufunga Swichi ya KVM

Juu ya meza yangu ya kazi, hapa Dar es Salaam, kuna kompyuta mbili. Ya kwanza ni kompyuta mpakato ya mwajiri, ambayo siruhusiwi kuiwekea programu yoyote bila idhini. Ya pili ni kompyuta yangu ya mezani, ninayoitumia kwa kazi za jioni. Skrini ninazo mbili tu, kibodi moja na kipanya kimoja, na kwa muda mrefu nilikuwa nikichomoa kebo kila jioni na kuzichomeka upande wa pili, mpaka tundu la HDMI la ile mpakato likalegea na picha ikawa inakatika kila kebo inapoguswa. Tangu hapo nimefunga swichi ya KVM kwangu na kwa watu wengine kadhaa wanaofanyia kazi nyumbani. Kufunga swichi yenyewe ni kazi ya nusu saa. Kinachoamua kama mtu ataitumia kila siku au ataitupa kabatini ni hesabu anayoifanya kabla hajatoa fedha, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla ya kununua.

KVM ni herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya kibodi, picha na kipanya. Ni kisanduku chenye pande mbili: upande mmoja hupokea kebo kutoka kwenye kompyuta, na upande mwingine huchomekwa skrini, kibodi, kipanya na vifaa vingine vya USB. Ukibonyeza kitufe, vifaa vyote huhamia kwenye kompyuta ya pili kwa pamoja, bila kebo yoyote kuchomolewa.

Hatua ya kwanza: jiulize kama unahitaji KVM kamili

Mtu anayehama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine mara moja au mbili kwa siku hana sababu ya kununua KVM ya skrini mbili. Skrini nyingi za siku hizi zina matundu mawili au matatu ya kupokea picha, kwa hiyo unaweza kuchomeka kompyuta zote mbili moja kwa moja kwenye kila skrini, ukanunua swichi ndogo ya USB peke yake kwa ajili ya kibodi na kipanya, kisha ukabadilisha picha kwa kitufe cha skrini yenyewe. Njia hii ina gharama ndogo na haishushi ubora wa picha hata kidogo, kwa sababu picha haipiti kwenye kifaa chochote cha katikati. Mimi huwashauri watu waijaribu hii kwanza. Anayehama mara kumi au ishirini kwa siku, kama ninavyofanya mimi, atachoka haraka kubonyeza vitufe vya skrini mbili kila mara, na huyo ndiye anayestahili KVM kamili.

Zipo pia programu zinazowezesha kibodi moja kutawala kompyuta mbili kupitia mtandao wa nyumbani. Kwangu hazikufaa, kwa kuwa hazihamishi picha ya skrini, na zinahitaji kuwekwa kwenye kompyuta zote mbili, jambo ambalo mwajiri wangu hakuliruhusu.

Hatua ya pili: orodhesha matundu ya kila kifaa

Chukua karatasi uandike matundu yote ya picha yaliyopo kwenye kompyuta ya kwanza, kompyuta ya pili na kila skrini. Usitegemee kumbukumbu, geuza kifaa uangalie. Kanuni ya kuzingatia ni kwamba KVM ya skrini mbili huhitaji kebo mbili za picha kutoka kwenye kila kompyuta. Kwa kompyuta mbili hizo ni kebo nne, ongeza kebo mbili za kwenda kwenye skrini na kebo mbili za USB, jumla kebo nane. Watu wengi hushtushwa na idadi hiyo wakiwa tayari wamefungua boksi.

Ugumu huwa kwenye kompyuta mpakato, kwa sababu nyingi zina tundu moja tu la HDMI pamoja na tundu moja au mawili ya USB-C. Si kila tundu la USB-C linatoa picha. Tafuta pembeni yake alama ya DisplayPort, ambayo ni njia nyingine ya kupitisha picha kama HDMI, au alama ya radi ya Thunderbolt, na usipoiona soma maelezo ya mtengenezaji kwa namba kamili ya modeli yako. Vilevile kompyuta yenyewe inaweza kuwa na kikomo chake: MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1, kwa mfano, huendesha skrini moja tu ya nje, na hakuna swichi inayoweza kuiongezea uwezo huo.

Kuhusu adapta, kumbuka kwamba zina uelekeo. Kompyuta nyingi zenye tundu la DisplayPort zinaweza kupeleka picha kwenye skrini ya HDMI kwa adapta ya bei ndogo, lakini kutoka kompyuta yenye HDMI kwenda skrini au swichi ya DisplayPort panahitajika kigeuzi maalumu kinachochakata mawimbi, ambacho kwa kawaida huhitaji na umeme wake. Ukichomeka ile adapta ndogo kinyumenyume hupati picha, na utaishia kuilaumu swichi bure. Ni salama zaidi kuchagua swichi yenye matundu ya aina ile ile iliyo nyingi kwenye orodha yako.

Hatua ya tatu: pima mzigo wa picha

Skrini ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 haina shida. Karibu kila swichi inaimudu. Taabu huanza kwenye 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160. Ili picha hiyo ichorwe mara 60 kwa sekunde, njia ya HDMI hubeba takriban gigabiti 18 kwa sekunde, ambacho ndicho kiwango cha HDMI 2.0. Toleo la 1.4 linaishia gigabiti 10.2, kwa hiyo 4K yake huchorwa mara 30 tu kwa sekunde. Maboksi mengi huandika “4K” kwa herufi kubwa, na ile “30Hz” kwa herufi ndogo ubavuni. Kwa kutazama filamu 30 inavumilika. Kwa kazi ya ofisini haifai, maana mshale wa kipanya huonekana ukijikokota na macho huchoka kabla ya saa sita mchana. Soma boksi lote, na muuzaji asipoweza kukuonyesha pameandikwa 60Hz, usinunue.

Hatua ya nne: ulizia EDID

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alifahamu. Kila skrini ina kumbukumbu ndogo ndani yake inayoieleza kompyuta jina la skrini, idadi ya pikseli inazokubali na kasi ya kuchora picha. Taarifa hizo huitwa EDID. Unapohamia kompyuta ya pili, swichi ya kawaida huikatia kompyuta ya kwanza mawasiliano hayo, nayo hudhani kwamba skrini zimechomolewa. Basi hukusanya madirisha yote uliyokuwa umeyapanga na kuyarundika kwenye kioo chake kidogo. Ukirudi, unakuta barua pepe juu ya jedwali la hesabu na kila kitu kimepungua ukubwa.

Swichi bora huhifadhi EDID na kuendelea kuijibu kompyuta iliyoachwa kana kwamba skrini bado ipo. Uwezo huu unapatikana kwa urahisi zaidi kwenye swichi za HDMI. Kwenye DisplayPort, ambako kompyuta na skrini huendelea kuzungumza kwa pande zote mbili wakati wote, kuigiza skrini ni kazi ngumu zaidi na swichi nyingi za bei ya chini haziifanyi. Kama kompyuta yako inatumia Windows 11, sehemu ya tatizo hupungua kwa kuwasha chaguo la kukumbuka mahali pa madirisha, lililo ndani ya mipangilio ya skrini. Hata hivyo chaguo hilo hurudisha madirisha baada ya skrini kuonekana tena. Halizuii ile sekunde mbili au tatu za giza kila unapohama.

Hatua ya tano: funga, upande mmoja kwanza

Zima kompyuta zote na skrini. Kabla ya kuchomeka chochote, bandika kipande cha plasta kwenye ncha zote mbili za kila kebo na uandike: “1A” kwa kompyuta ya kwanza skrini ya kushoto, “1B” kwa skrini ya kulia, na “2A” na “2B” kwa kompyuta ya pili. Ukizichanganya, kompyuta moja itakuwa na kushoto na kulia vilivyobadilishana.

Tumia kebo fupi. Urefu wa kebo ya kuingia na ya kutoka hujumlishwa, kwa hiyo kebo mbili za mita 3 ni safari ya mita 6, na kwa 4K ya mara 60 safari hiyo ni ndefu mno kwa kebo za kawaida. Mimi sivuki mita 1.5 kila upande. Katika miito ya lawama niliyoitikia, kebo dhaifu ilikuwa chanzo mara nyingi kuliko swichi mbovu.

Chomeka skrini, kibodi na kipanya kwenye swichi, kisha adapta yake ya umeme. Baadhi ya swichi huwaka hata bila adapta, kwa kunyonya umeme kupitia USB, lakini tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500 tu na la USB 3.0 hutoa 900, kiasi ambacho kibodi yenye taa, kipanya na kamera vinaweza kukimaliza. Adapta ikipotea, mbadala wake uwe na volti ile ile na mpangilio ule ule wa chanya na hasi. Kompyuta zote, skrini na swichi zichomekwe kwenye soketi zenye ithi inayofanya kazi, na ikiwezekana kwenye UPS moja, kwa kuwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huingia kwenye vifaa hivi vyote vilivyounganishwa kwa kebo.

Sasa unganisha kompyuta ya kwanza peke yake, iwashe, uhakikishe skrini zote mbili, kibodi na kipanya vinafanya kazi. Ndipo uunganishe ya pili. Ukiunganisha zote kwa mkupuo na picha isitokee, hutajua pa kuanzia. Picha ikishatokea, fungua mipangilio ya skrini kwenye kila kompyuta, thibitisha idadi ya pikseli na hezi 60, na kwenye mpakato amuru kwamba kufunga kifuniko kusiilaze.

Hatua ya sita: amua kipi kipite kwenye swichi

Swichi nyingi zina matundu mawili yaliyotengwa kwa kibodi na kipanya, na mengine ya kawaida. Yale yaliyotengwa huwezesha kuhama kwa vitufe, kwa mfano kubonyeza Scroll Lock mara mbili kisha namba ya kompyuta. Kibodi au kipanya chenye vitufe vya ziada huenda kisielewane nayo. Kihamishie tundu la kawaida, nawe utumie kitufe cha swichi.

Diski ya nje na flashi visikae kamwe kwenye swichi. Kuhama kompyuta ni sawa na kuchomoa diski ghafla, na nilipoteza faili za wiki nzima kwa njia hiyo, nilipobonyeza kitufe huku diski ikiendelea kuandika. Kamera na vipokea sauti navyo huchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ninayofanyia mikutano, ili nikihamia nyingine kutafuta hati nisitoweke mbele ya wenzangu. Printa ni afadhali iwe kwenye mtandao.

Kipokezi cha kipanya kisichotumia waya kinaweza kukaa kwenye swichi, ila kiweke mbali na matundu ya USB 3.0, ambayo hutoa kelele kwenye masafa yale yale ya gigahezi 2.4, kebo fupi ya kuongezea urefu humaliza tatizo. Kibodi ya Bluetooth iliyounganishwa na kompyuta yenyewe haipiti kwenye swichi kabisa.

Kama mojawapo ni kompyuta ya ofisi, omba ruhusa ya kitengo cha TEHAMA kwanza. Baadhi ya ofisi hufunga vifaa vya USB visivyotambulika, na zile zinazoshughulikia siri hutaka swichi maalumu za usalama, zilizotengenezwa ili taarifa zisivuke kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Picha isipotokea

Shusha kwanza ubora hadi pikseli 1920 kwa 1080. Picha ikitokea, mkosaji ni kebo au kikomo cha swichi. Isipotokea, unganisha skrini na kompyuta moja kwa moja bila swichi, kwa kebo zile zile, moja baada ya nyingine. Ikiwa kila kebo ni nzima, chomoa adapta ya swichi pamoja na kebo zake zote za USB kwa nusu dakika, kwa kuwa swichi inayopata umeme kupitia USB haizimiki kwa kuchomolewa adapta peke yake, kisha urudishe. Kwenye Windows, kubonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B huanzisha upya draiva ya picha, na mara nyingi skrini iliyobaki nyeusi baada ya kompyuta kuamka huwaka. Kompyuta isipoamka kabisa kwa kibodi iliyo kwenye swichi, iamshe kwa kitufe chake cha kuwashia, kisha uingie kwenye mipangilio ya kibodi ndani ya orodha ya vifaa (kwenye Windows huitwa Device Manager) na kuiruhusu iamshe kompyuta.