Je, Kuku Wako wa Uani Wanahitaji Jogoo?

Wengi wanaoanza kufuga kuku watano au sita uani hapa Unguja huniuliza kwanza kama mtetea hutaga bila ya jogoo. Hutaga. Yai hujengeka ndani ya kuku mwenyewe, na kazi ya jogoo ni kulirutubisha tu ili liweze kutoa kifaranga.

Hatua ya kwanza: jua unachotaka. Ukitaka mayai ya kula peke yake, jogoo atakumalizia pumba bila ya kukuongezea hata yai moja. Ukitaka vifaranga, jiulize pia nani atakayeatamia, kwa sababu kuku wa kisasa wa mayai kwa kawaida hawaatamii, na utahitaji koo wa kienyeji wa kuyalalia mayai kwa siku 21.

Hatua ya pili: zungumza na jirani kabla ya kununua. Nyumba za Ng'ambo, mitaa ya mjini hapa Unguja, zimepakana ukuta kwa ukuta, na jogoo hangoji adhana ya Alfajiri. Huweza kuwika saa tisa za usiku. Jirani yangu mmoja alivumilia miezi mitatu, kisha akaniletea kisu kilichonolewa, huku akicheka nusu.

Hatua ya tatu: hesabu majike. Jogoo mmoja hutosha majike 8 hadi 10. Akiwa na watatu tu huwapanda mno, wakanyonyoka manyoya ya mgongoni, na kipi chake, ule mwiba wa mguuni, kikawachana ngozi. Kuchi simshauri kwa mfugaji mpya, kwa kuwa asili yake ni kuku wa kupigana.

Mwenye majike wachache huona nafuu kuazima jogoo kwa wiki mbili. Nami naliona ni jambo jema, ila mdondo, ugonjwa wa kuku wa kuambukiza, huingia uani kwa njia hiyo hiyo ya kuku mgeni, na ukishaingia huweza kumaliza banda zima. Kwa hivyo, kuku wako na huyo mgeni wawe wameshachanjwa kwa matone ya jichoni, chanjo ambayo hurudiwa kila miezi 3, na mgeni akae mbali na wenzake kwa wiki 3 kabla ya kuchanganywa.

MASUALI YA WANACHAMA

Mwalimu, yai lenye doa la damu ndilo lililorutubishwa?

Hapana, bibie. Doa hilo hutokana na mshipa mdogo uliopasuka wakati yai likijengeka, na hutokea hata kwa kuku asiyewahi kumwona jogoo. Lakini wakati wa joto la Kaskazi, yai lililorutubishwa likiachwa bandani huweza kuanza kukuza kifaranga, basi yaokote kila siku na uyaweke penye ubaridi.

Nimemuuza jogoo wangu juzi. Mayai ya leo bado yana mbegu?

Huenda yanayo, kwa sababu mtetea huhifadhi mbegu mwilini mwake. Hesabu wiki 3 ndipo uwe na hakika.

Shikamoo mwalimu. Vifaranga wangu wawili wamekuwa majogoo, na majike niliyonayo ni mama yao na dada zao.

Marahaba, mwanangu. Usiwaache wapande ndugu zao, kizazi kitadhoofika. Mmoja mchinje, wa pili mbadilishane na mfugaji wa kijiji kingine, na huyo utakayempokea umtenge wiki 3 kama nilivyoeleza.