Joto likianza, usiisikilize saa: namna ya kukimbia mwanzo wa kiangazi

Kila mwaka ni yaleyale. Umefanya mazoezi miezi yote ya baridi, mwendo umekaa, kilomita moja unaimaliza kwa dakika 5 na nusu huku unapiga stori, afu jua linawaka wiki moja tu na mwendo uleule unakutoa roho. Hapo ndo watu wanaanza kujilaumu, wanasema fomu imeisha, wanaongeza mazoezi ya kasi ili wairudishe, na wengi wanaumia au wanachoka kabisa kabla mbio zenyewe hazijafika. Fomu haijaenda popote. Mwili tu haujazoea joto, na kuuzoesha ni kazi ya siku 10 hadi 14 hivi ukienda nao taratibu. Naandika kwa mkimbiaji wa kawaida, mtu mwenye kazi na majukumu yake anayekimbia mara 3 au 4 kwa wiki na ameshajiandikisha kilomita 10 au nusu marathoni mwanzoni mwa kiangazi.

Kwanza uelewe kinachotokea ndani, manake ukishaelewa utakubali kupunguza mwendo bila roho kukuuma. Misuli ikifanya kazi, nishati nyingi inayotumia, kama robo tatu hivi, inageuka kuwa joto. Joto hilo lazima litoke nje, na njia kubwa ya kulitoa ukiwa unakimbia juani ni jasho kukauka juu ya ngozi. Nasema kukauka, sio kuchuruzika, jasho linalodondoka chini limeenda bure, halijakupoza. Sasa damu inakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja, ipeleke oksijeni kwenye misuli na ipeleke joto kwenye ngozi, na damu ni ileile haijaongezeka, kwa hiyo moyo unapiga haraka zaidi kwa mwendo uleule wa jana. Hewa ikiwa na unyevu mwingi jasho linagoma kukauka, ndo maana siku ya nyuzi 24 yenye unyevu inaweza kukusumbua kuliko siku kavu ya nyuzi 28.

Mwili ukiendelea kukutana na joto kila siku unajirekebisha wenyewe. Siku chache za mwanzo majimaji ya damu yanaongezeka, mapigo ya moyo yanashuka, halafu jasho linaanza kutoka mapema na kwa wingi zaidi, ila chumvi ndani yake inapungua. Hili la chumvi unaweza kuliona kwa macho. Nina kofia moja nyeusi ya kukimbilia, wiki ya kwanza ya joto nikiianika inabaki na mistari myeupe kwenye ukingo, mmoja juu ya mwingine, kama alama ambazo maji yanaacha ufukweni yakipwa. Kufika wiki ya tatu mistari imefifia, napitisha kidole hakishiki chumvi. Nikiona hivyo najua mwili umeshaingia kiangazi.

Wiki ya kwanza kimbia mbio nyepesi tu, dakika 30 hadi 45, na usiende saa ya jua kali la mchana ila usilikwepe joto lote pia, nenda saa ambayo kuna joto la wastani. Kipimo chako ni mdomo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatisha kuvuta pumzi. Ukishindwa, punguza, ukishindwa tena, tembea dakika moja halafu endelea. Saa itakuonyesha umepoteza sekunde 20 au 30 kwa kila kilomita, mwingine hata zaidi, iache ionyeshe. Kama una saa inayosoma mapigo ya moyo basi fuata mapigo uliyozoea kwenye mbio zako nyepesi, mwendo uje wenyewe. Wengine wanaona bora waifunike saa kwa mkono wa fulana, na mi naona ni wazo zuri sana wiki hii.

Wiki ya pili unaweza kurudisha kasi kidogo. Anza na mikimbio mifupi ya sekunde 20, mara 4 hadi 6, mwishoni mwa mbio nyepesi, na siku moja tu ya mazoezi makali, sema dakika 3 za kasi mara 5 na mapumziko marefu kuliko uliyozoea. Hapa kuna kitu watu wanachanganya: mazoezi makali yafanye saa ya baridi ili miguu ifanye kazi kweli, mbio nyepesi ndo zifanye kwenye joto ili mwili ujifunze. Ukikimbia alfajiri tupu kila siku halafu mbio zako zinaanza saa 4 asubuhi, mwili utakutana na lile jua kama mgeni. Alfajiri kuna baridi kweli lakini unyevu huwa juu sana saa hizo, jioni hewa ni kavu zaidi lakini lami bado inarudisha joto la mchana, kwa hiyo hakuna saa iliyo kamili, chagua inayoendana na maisha yako. Ile mbio ndefu ya wikendi igeuze iwe mizunguko mifupi inayopita kwenye bomba la maji au mlangoni kwako, usiende kilomita 9 kwa mstari mmoja ukajikuta huko mbali chupa imeisha.

Na ukishazoea usikae mbali na joto muda mrefu, manake faida hii inaanza kupungua ndani ya wiki moja tu, na ukikaa wiki tatu nne unarudi karibu ulipoanzia.

Maji sasa. Wengi wanabishana lita ngapi, lakini kila mtu na jasho lake, jipime. Jipime uzito ukiwa umevua nguo kabla ya kukimbia, kimbia kwa muda wa saa moja kamili, jifute jasho, jipime tena. Mfano ulikuwa kilo 68.0, umerudi na 66.9, na njiani ulikunywa mililita 400. Umepoteza kilo 1.1, jumlisha 0.4 uliyokunywa, jasho lako ni lita 1 na nusu kwa saa kwenye joto la siku hiyo. Haina maana unywe lita 1 na nusu kila saa, tumbo halitapokea, kunywa kwa kufuata kiu na malizia kurudisha yaliyobaki taratibu baada ya mbio. Ila ukijikuta umerudi na uzito mkubwa kuliko uliotoka nao, umekunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari kweli, maji mengi yanapunguza sodiamu, yaani chumvi, kwenye damu, ubongo unavimba, kuna wakimbiaji wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu weka chumvi kidogo kwenye kinywaji, pamoja na wanga gramu 30 hadi 60 kwa saa, na vijaribu mazoezini kwanza usije ukavigundua siku ya mbio.

Mavazi nitapita haraka. Fulana nyepesi ya rangi hafifu, sio ya pamba, manake pamba ikilowa inabaki imelowa na inachubua. Mafuta ya mgando kwenye mapaja, kwapani na chuchu. Losheni ya jua ya SPF 30 au zaidi, paka robo saa kabla ya kutoka, na ukikaa nje zaidi ya saa mbili paka tena. Ukipenda njia za porini na nyasi ndefu, kivuli chake kinasaidia sana, lakini kupe nao wanapenda msimu huu, kwa hiyo ukirudi kagua nyuma ya magoti, kwenye kinena, kwapani na penye nywele. Ukimkuta mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja, usimpake mafuta wala kumchoma.

Siku ya mbio ndo mahali ambapo watu wanasahau yote haya. Mi mwenyewe mbio zangu za kwanza za joto, kilomita 10, nilianza kwa mwendo niliokuwa nao mwezi uliopita kukiwa na baridi, nikajisikia vizuri kabisa mpaka kilomita ya 6. Kwenye ya 7 nikaona vinyweleo vya mikono vimesimama, nasikia baridi, na jua liko juu kabisa. Nilisimama pale pale, nikakaa chini ya mti, mtu wa kituo cha maji akanimwagia ndoo kichwani. Vinyweleo kusimama ukiwa kwenye joto, kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kugonga, ukiona kimoja kati ya hivi simama, tafuta kivuli, jimwagie maji. Na ukimuona mwenzako anayumba, anajibu vitu visivyoeleweka au anakuwa mkali bila sababu, hiyo ni dharura hata kama bado anatoka jasho. Piga simu ya msaada na muanze kumpoza hapohapo, mtumbukize kwenye maji ya barafu kama yapo, au mwagieni maji baridi mwili mzima bila kuacha, usisubiri gari lifike kwanza.

Kama roho inakataa kupunguza mwendo, angalia wanaofanya hii kazi kwa maisha yao. Doha 2019, marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia ilianza karibu saa 6 usiku kukwepa joto na bado kati ya wanawake 68 walioanza walimaliza 40 tu. Olimpiki ya Tokyo, marathoni ilihamishiwa Sapporo, mji wa kaskazini, kwa ajili ya joto, na Agosti 2021 ya wanawake ikasogezwa ianze saa 12 asubuhi. Mkenya Peres Jepchirchir alichukua dhahabu kwa muda wa saa 2:27:20, wakati Desemba iliyotangulia alikimbia 2:17:16 kule Valencia, Hispania. Dakika 10 nyuma na dhahabu shingoni! Hakukimbia vibaya, alikimbia kulingana na siku.

Kwa hiyo wewe panga hivi. Pasha mwili dakika 5 hadi 8 tu, kivulini, joto lenyewe limeshakupasha. Kabla ya kuanza lowesha shingo na mikono, ukipata barafu weka chini ya kofia. Kilomita 3 za kwanza nenda polepole kuliko unavyotaka, sekunde 15 hivi kwa kila kilomita, watu watakupita wengi na itakuuma, waache wapite, utawakuta kuanzia ya 7 wanatembea. Kwenye kituo cha maji chukua vikombe viwili, kimoja kinywe kwa kukibana mdomo wake ili maji yasikuingie puani, kingine mwaga kichwani na shingoni. Ukivuka nusu ukiwa bado unapumua vizuri hapo ongeza kidogo kidogo.

Ukimaliza usikae chini ghafla, tembea dakika 10, ingia kivulini, kunywa, badilisha fulana. Siku mbili tatu zinazofuata ni za kutembea au kukimbia mbio nyepesi sana. Na ukiandika muda wako kwenye daftari andika pembeni yake nyuzi joto, unyevu na saa mlioanza, manake dakika 54 za nyuzi 29 na dakika 51 za nyuzi 12 ukizikuta mwakani bila hayo maelezo, hutajua ni siku ipi ulikimbia vizuri.