Jinsi ya kufuatilia msimu wa kwanza wa kocha mpya bila kudanganywa na Septemba

Septemba 2023 niliumbuka. Colorado, timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani iliyoshinda mechi 1 na kupoteza 11 mwaka uliotangulia, ilikuwa imempa Deion Sanders ukocha mkuu, na katika mechi yake ya kwanza ikakichapa chuo cha TCU 45-42 ugenini. Januari ya mwaka huohuo TCU ilikuwa imecheza fainali ya taifa! Nikatangazia kila aliyekuwa tayari kunisikiliza kwamba kazi imekwisha. Colorado ikashinda mechi zake 3 za kwanza, kisha ikamaliza 4-8, yaani ushindi 4 na vipigo 8.

Tangu hapo nina daftari. Kila chuo ninachokifuatilia huko Marekani kikibadilisha kocha, nafanya hivi.

Kabla ya mechi ya kwanza, tafuta orodha ya wachezaji uigawe kurasa mbili: waliorithiwa na walioletwa. Siku hizi mchezaji anahama chuo na kucheza msimu unaofuata, kwa hiyo kocha anaweza kuja na watu wake. Curt Cignetti alipotoka James Madison kwenda Indiana, wachezaji 13 walimfuata, na kwotabeki (mrushaji anayeongoza mashambulizi), Kurtis Rourke, akamtoa chuo kingine. Indiana iliyokuwa 3-9 mwaka 2023 ikawa 11-2 mwaka 2024. Lakini usihesabu vichwa tu, maana hata Colorado ilijaza wageni. Angalia wamewekwa wapi.

Hapa ndipo ninapotumia wino mwingi: wale watano wa mbele wanaomkinga kwotabeki. Mpira ukianza kuchezwa, usiufuate. Najua macho yanavutwa, yangu pia. Watazame hao watano na uhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Kwotabeki akianza kukimbia kujiokoa kabla ya tatu, weka alama ya X. Shedeur Sanders, mtoto wa kocha mwenyewe, aliangushwa akiwa na mpira mkononi zaidi ya mara 50 msimu ule wa 2023. Ningekuwa na daftari, ukurasa ule ungejaa X kabla sijafungua mdomo.

Halafu fuatilia jaribio la tatu. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Andika zimebaki yadi ngapi kila inapofika la tatu. Zikiwa mbili au tatu mara kwa mara, mipango ya kocha inafanya kazi hata kama matokeo bado hayapendezi. Zikiwa tisa, nane, kumi na moja, timu inaishi kwa kubahatisha. Mipira inayoponyoka mikononi iandike pembeni tu, kwa penseli; leo inawaangukia hawa, kesho wale.

Wapinzani wapime mwishoni. Msimu wa kawaida una mechi 12, na ushindi wa Septemba hubadilika thamani kufikia Novemba. TCU niliyoipigia kelele ilimaliza 5-7. Indiana nayo ilibezwa kwamba ratiba yake nyepesi, na kweli Ohio State iliikomesha 38-15 Indiana ikiwa imeshinda 10 mfululizo. Timu ya pili na ya mwisho kuifunga ilikuwa Notre Dame. Rudi kwenye daftari: Ohio State na Notre Dame ndizo zilizokutana kwenye fainali.

Ukurasa wa waliorithiwa usiutupe. Sonny Dykes aliipokea TCU iliyotoka 5-7 mwaka 2021, akaifikisha fainali msimu wake wa kwanza akiwa na wachezaji wengi aliowakuta pale. Georgia ikaipiga 65-7, wakongwe wakaondoka, na msimu wa pili ikarudi palepale, 5-7. Ndiyo hiyo iliyokutana na Colorado, na mimi sikuwa nimeuliza nani amebaki.

Ushindi wa 6 unaipa timu nafasi ya kuitwa kwenye mechi ya ziada mwisho wa msimu. Kwa kocha mpya, mimi napenda zaidi wiki za mazoezi zinazoambatana nayo kuliko kombe lenyewe.

Baada ya hapo acha kurasa tupu za misimu miwili. Mwaka 2007, msimu wa kwanza wa kocha Nick Saban pale Alabama, timu ilifungwa nyumbani na Louisiana-Monroe 21-14 na kumaliza 7-6. Mwaka 2009 ilishinda zote 14.