Kuvusha vitunguu mpaka wa Namanga kwenda Kenya kwa mwenye mtaji mdogo

Kabla hujalipia hata gunia moja kwa wakulima wa Mang'ola, kule Karatu, mpigie mteja wako wa Nairobi. Usimuulize bei tu, muulize kama kuna zuio. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye ikafungua kwa masharti: waagizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti cha uasili, sumukuvu isizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mei Rais Samia akaenda Nairobi, wakubwa wakapatana. Mimi tangu hapo sifungui pochi kabla ya taarifa ya habari.

Haya, mzigo umepatikana. Anza na cheti cha usafi wa mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania. Hicho hakijali udogo wa mzigo. Safari yangu ya kwanza nilikidharau; magunia kumi tu, nani atahangaika nayo? Nikalala Namanga siku mbili, vitunguu vinatoka jasho chini ya turubai. Nilivyouza hata nauli haikurudi.

Halafu piga hesabu ya thamani. Isipozidi dola 2,000 za Marekani, na bidhaa ikiwa kwenye orodha waliyokubaliana nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, utajazia pale pale mpakani, kwa watu wa forodha, cheti cha uasili kilichorahisishwa. Ndicho kinachothibitisha vitunguu vimelimwa Tanzania, ushuru wa forodha usikuguse. Wakala wa forodha hahitajiki. Risiti za shambani ziwe mkononi, maana thamani lazima uioneshe. Ukizidisha, tafuta wakala; usigawe mzigo kwa majina ya shangazi zako, mchezo huo wanaujua.

Wageni hukosea hapa: ukitoka Tanzania usipange foleni kwenye jengo la upande wetu. Kituo cha pamoja kilichozinduliwa na Magufuli na Kenyatta Desemba 2018 kinakupitisha moja kwa moja hadi upande wa Kenya, na huko ndiko waliko maofisa wa nchi zote mbili. Wa kwetu wanakugongea kutoka, wa kwao wanakugongea kuingia. Kurudi ni kinyume chake.

Kuna vijana watakufuata wakisema wanaijua njia ya panya, nusu saa tu. Itikia salamu, endelea na foleni yako. Mzigo ukikamatwa huko porini, cheti kilichoko mfukoni hakikusaidii kitu.