Namna ya Kujiandaa kwa Usaili wa Gitaa la Jazi Chuoni

Wapiga gitaa wengi wanaojiandaa kwa usaili wa chuo hutaka kuanza na solo. Mimi nawaanzisha na rizimu, yaani kupiga kordi (noti kadhaa kwa pamoja) za kusindikiza. Katika bendi ya jazi, muda mwingi gitaa huwa linawasindikiza wengine, na walimu watakaokusikiliza wanalijua hilo vizuri. Wanataka kusikia kama unashika mapigo, kama unawasikiliza wenzako, na kama unajua ulipo ndani ya wimbo. Jipe miezi 6. Ukiwa nayo 3 tu, punguza nyimbo, hatua zibaki zilezile.

Hatua ya 1: Soma masharti ya chuo chenyewe

Kila chuo kina orodha yake, kwa hiyo usitegemee ya rafiki yako. Vyuo vingi vya Marekani huomba video kwanza, mara nyingi mwanzoni mwa Desemba, kisha wanaopita huitwa kwenye usaili kati ya Januari na Machi. Orodha zenyewe zinakaribiana: bluzi, wimbo wa taratibu, wimbo wa kasi, kusindikiza, skeli, na noti utakazowekewa mbele bila kuziona kabla.

Hatua ya 2: Chagua nyimbo 3, uzimalize

Chukua bluzi ya baa 12 (baa ni kipimo cha mapigo, hapa 4) katika ufunguo wa F, kwa mfano "Now's the Time" ya mpiga saksofoni Charlie Parker ya mwaka 1945. Ongeza wimbo mmoja wa taratibu, na mmoja uliojengwa juu ya kordi za "I Got Rhythm" ya mtunzi George Gershwin ya mwaka 1930, kwa sababu kordi hizo utakutana nazo tena na tena maisha yako yote ya jazi. Kumaliza wimbo maana yake ni hivi: unaimba melodi yake bila gitaa, unaipiga sehemu mbili tofauti za shingo ya gitaa, unazitaja kordi zake bila karatasi, na unaweza kuusindikiza mwingine akiupiga.

Chuo kikikuruhusu kuchagua wimbo wako mwenyewe, usiufiche mkono uliokulia nao, uwe wa rumba, benga au taarabu. Mpiga gitaa Lionel Loueke, mzaliwa wa Benin, alipitia Abidjan na Paris kabla ya kufika chuo cha muziki cha Berklee kule Boston. Mwaka 2001 alisailiwa na Taasisi ya Thelonious Monk, ya mafunzo ya jazi, mbele ya magwiji wa jazi Herbie Hancock, Wayne Shorter na Terence Blanchard, akachaguliwa. Ukimsikiliza leo, Afrika Magharibi imo katika kila anachopiga.

Hatua ya 3: Jifunze kusindikiza kwa noti 2

Hapa kaa muda mrefu kuliko popote. Kordi nene za nyuzi 6 humziba mpiga piano na kumgonga mpiga besi. Mpiga gitaa Freddie Green, aliyejiunga na bendi ya Count Basie mwaka 1937 na kukaa na bendi ile hadi alipofariki mwaka 1987, aliibeba bendi nzima kwa gitaa lisilo na amplifaya na kwa noti chache mno katika kila kordi.

Anza na noti ya 3 na ya 7 ya kordi, ukihesabu kuanzia noti inayoipa kordi jina, kwenye uzi wa 4 na wa 3 tu (uzi wa 1 ndio mwembamba kuliko wote):

- F7: uzi wa 4 freti ya 1, uzi wa 3 freti ya 2
- Bb7: uzi wa 4 wazi (bila kubonyezwa), uzi wa 3 freti ya 1
- C7: uzi wa 4 freti ya 2, uzi wa 3 freti ya 3

Umeona? Umbo ni lilelile. Kutoka F7 linashuka freti moja kwenda Bb7, au linapanda freti moja kwenda C7. Kwa kordi hizo 3 bluzi nzima inapigika. Sasa ongeza mteremko wa baa ya 8 hadi ya 11: D7 (freti ya 4 na ya 5), Gm7 (ya 3 na ya 3), C7 (ya 2 na ya 3), F7 (ya 1 na ya 2). Vidole havihami sana, lakini sikio linasikia safari yote ya kurudi nyumbani.

Kwanza piga mapigo 4 mafupi na sawa kwa kila baa, ukilegeza kidole mara baada ya kila pigo ili sauti ikatike. Yakitulia, anza kupunguza: kordi moja au mbili kwa baa, huku ukiacha nafasi. Aliyetoka kwenye rumba hapa hupata shida ya pekee. Mkono wake wa kulia umezoea kujaza kila upenyo, na jazi inamwomba anyamaze.

Hatua ya 4: Metronomu kwenye pigo la 2 na la 4

Metronomu ni kifaa kinacholia kwa mapigo sawa. Iweke milio 60 kwa dakika, kisha hesabu ili mlio uangukie pigo la 2 na la 4. Hapo unapiga kwa kasi ya 120. Ikikaa vizuri, ishushe hadi 30 na uusikie mlio mmoja tu kwa kila baa, kwenye pigo la 4. Mapigo mengine utayabeba mwenyewe, na hapo ndipo kuyumba kwako kutakapojitokeza. Rekodi kwa simu na usikilize kesho yake, masikio yakiwa yamepumzika.

Hatua ya 5: Nakili solo moja kwa sikio

Moja tu, lakini nzima. Ya mpiga gitaa Charlie Christian au Grant Green inafaa, maana noti za wote wawili husikika wazi. Iimbe hadi uweze kuifuata rekodi pumzi kwa pumzi, ndipo ushike gitaa. Tovuti zenye noti zilizokwisha kuandikwa ziache. Kinachojengwa hapa ni sikio, na kwenye usaili wanaweza kukupigia kipande kifupi na kukutaka ukirudie.

Ukianza kubuni solo zako, msikilize mpiga gitaa Wes Montgomery alivyozipanga zake: mara nyingi mizunguko ya mwanzo ya wimbo ni ya noti moja moja, kisha oktavu (noti ileile ya juu na ya chini kwa pamoja), kisha kordi. Mpango kama huo unaizuia solo kumalizika nguvu mapema.

Hatua ya 6: Noti, dakika 10 kila siku

Hapa ndipo wapiga gitaa wengi huanguka. Tumia vitabu vya klarineti au violini, kila siku ukurasa mpya. Tazama kwanza ufunguo na mdundo, piga makofi, ndipo upige noti. Ukikosea, endelea. Kushika mdundo huku noti moja imekosewa ni bora kuliko kusimama kuirekebisha.

Hatua ya 7: Video, kisha siku yenyewe

Video ipigwe mara moja bila kukatwa, mikono yote miwili ionekane. Siku ya usaili nenda na waya wako, nyuzi za akiba na piki mbili. Sauti iwe safi, bila mwangwi mwingi. Unapoanzisha hesabu, imba kwanza kichwani melodi ya baa mbili ili upate kasi sahihi. Ukipotea katikati ya wimbo, usisimame: nyamaza baa mbili, sikiliza besi, ingia tena kipande kinachofuata kinapoanza. Mwishoni huenda wakakuuliza unamsikiliza nani. Mtaje yule uliyenakili solo yake, na uwe tayari kuwapigia baa zake nne za kwanza.