Tega maji ya kwanza ya mvua kabla hayajaingia tangini

Kabla mvua za Oktoba hazijaanza Nairobi, weka bomba la kutega kati ya gata na tangi. Maji ya mwanzo ndiyo huosha vumbi, masizi na kinyesi cha ndege kutoka kwenye mabati. Kadiria nusu lita kwa kila mita mraba ya paa: paa la mita mraba 40 linahitaji kutega lita 20. Bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8 kwa mita, kwa hiyo mita 2.5 zinatosha. Funga tii (kiungo chenye umbo la T) kwenye bomba la mlalo linaloelekea tangini, kipande hicho cha mita 2.5 kishuke wima kutoka kwenye tii, kisha kibane ukutani barabara maana kikijaa kina kilo 20 za maji. Chini weka kifuniko cha kuzungusha kwa mkono, ukitoboe tundu la milimita 3. Bomba likijaa, maji safi hupita juu. Tundu hulimwaga taratibu likisubiri mvua nyingine.

Tatizo ni hilo tundu. Likizibwa na majani, bomba hubaki limejaa na uchafu wa mvua inayofuata huenda tangini moja kwa moja. Fungua usafishe kila wiki msimu wa mvua. Maji ya kunywa bado yachemshwe.